Kafara ya Marshall: Mchezo Uliopotea, Ufunguzi Uliodumu

Tarehe 23 Oktoba 1918, jijini New York, wanaume wawili waliofahamiana kwa muda wa karibu miaka kumi waliketi wakitazamana kwenye ubao wa sataranji. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imebakiza wiki tatu kumalizika. Mafua yaliyokuwa yakiua watu duniani kote yalikuwa yamefika kileleni nchini Marekani mwezi huohuo. Hata hivyo mashindano ya mabingwa yalifunguliwa. Kete nyeupe alizishika José Raúl Capablanca wa Cuba, kijana wa miaka 29 ambaye tangu mwaka 1916 hakuwa amefungwa na mtu. Kete nyeusi alizishika Frank James Marshall, bingwa wa Marekani, mwenye miaka 41.

Hatua saba za mwanzo zilipita bila jipya. Ilipofika ya nane, Marshall alisukuma mbele kitunda chake cha katikati kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia, akaacha kitunda kingine wazi kiliwe. Mchezo huo aliupoteza. Lakini zaidi ya miaka mia moja baadaye, wachezaji wa kila bara wanapoutaja ufunguzi ule hawatamki jina la aliyeshinda. Hutamka jina la aliyefungwa. Huuita Shambulio la Marshall. Naamini jambo hilo ni haki, na historia yake inaonyesha kwa nini.

Marshall alizaliwa New York mwaka 1877, akakulia Montreal nchini Kanada, na huko ndiko alikojifunza sataranji akiwa mtoto. Alicheza kwa kushambulia. Kete aliziona kama mali ya kutumia, si ya kuweka akiba, na mara nyingi alitoa farasi, askofu au ngome ili amfikie mfalme wa mpinzani. Mwaka 1904, huko Cambridge Springs katika jimbo la Pennsylvania, alimaliza wa kwanza bila kufungwa hata mchezo mmoja, mbele ya bingwa wa dunia Emanuel Lasker. Miaka mitatu baadaye alimkabili Lasker huyohuyo kuwania ubingwa wa dunia. Safari hii mambo yalimgeukia: katika michezo kumi na mitano alifungwa minane, akatoka sare saba, asishinde hata mmoja. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na Marshall alilijua hilo kwa vitendo. Alirudi ubaoni na kuendelea kushambulia vilevile.

Capablanca alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Havana mwaka 1888. Mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza sataranji akiwa na miaka minne kwa kumtazama tu baba yake akicheza. Alipelekwa Marekani kusoma, akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, lakini ubao ukamvuta kuliko maabara. Uchezaji wake ulionekana mwepesi. Hakupenda vurugu pasipo sababu. Aliziweka kete zake mahali pake, akangoja mpinzani akosee kidogo, kisha kosa lile dogo akaligeuza ushindi.

Mwaka 1909 watu hao wawili walipangiwa pambano. Marshall alikuwa jina kubwa la kimataifa, na Capablanca alikuwa na miaka 20 tu. Wengi walitarajia kijana afundishwe adabu. Yaliyotokea yalikuwa kinyume kabisa: katika michezo 23, Capablanca alishinda minane, akapoteza mmoja, na kumi na minne ikaisha sare. Kwa mtu wa hadhi ya Marshall, kufungwa namna hiyo na kijana asiye na rekodi yoyote ya mashindano makubwa kungeweza kuzaa chuki ya maisha.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1911 kulipoandaliwa mashindano makubwa huko San Sebastián, Hispania, milango ilifunguliwa kwa wale tu waliokwisha kufanya vizuri katika mashindano ya nyuma. Capablanca hakuwa na sifa hiyo. Marshall alikuwa miongoni mwa waliomtetea aruhusiwe kucheza. Bingwa mmoja, Ossip Bernstein, alipinga wazi kuingizwa kwake. Capablanca alimfunga Bernstein katika duru ya kwanza, kwa mchezo uliopewa tuzo ya uzuri, kisha akashinda mashindano yote. Tangu siku hizo hakuna aliyethubutu kuuliza Mcuba yule ni nani.

Ili kuelewa Marshall alifanya nini mwaka 1918, lazima kwanza tuujue ufunguzi wenyewe. Katika sataranji, ufunguzi ni zile hatua za mwanzo ambazo kila upande hutoa kete zake nyumbani, hupigania katikati ya ubao, na humpeleka mfalme mahali salama. Nguzo nane za ubao huitwa kwa herufi kuanzia a hadi h, na safu nane kwa namba kuanzia 1 hadi 8, hivyo kila mraba una jina lake. Mmoja wa funguzi kongwe kuliko zote ni ule wa Kihispania, unaobeba jina la Ruy López de Segura, padri wa Hispania aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1561. Mweupe husukuma kitunda cha mbele ya mfalme hadi e4, mweusi hujibu e5. Farasi mweupe huruka f3 na kukitishia kitunda cha e5, na farasi mweusi hutoka c6 kukilinda. Hapo askofu mweupe huenda b5 na kumkodolea macho yule farasi mlinzi.

Hatua hiyo haina kishindo, lakini huleta shinikizo la kudumu. Mweusi akifuata njia ya kawaida, hujikuta analinda na kulinda. Huzuia leo, huzuia kesho, na mchezaji mwenye subira kama Capablanca huendelea kumkaza hadi pumzi inamwishia. Marshall hakuwa mtu wa kukaa akingoja kukazwa. Ndiyo maana hatua yake ya nane ilikuwa na maana kubwa kuliko kitunda kimoja. Alikataa kuwa mlinzi. Alitangaza kwamba hata upande wa kete nyeusi, hata katika ufunguzi wa Kihispania, mtu anaweza kulipa kitunda na kupata haki ya kushambulia.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Wafalme wote wawili walikuwa wamekwisha kufichwa pembeni, kila mmoja akiwa na ngome yake karibu. Capablanca alisukuma kitunda chake c3, akijiandaa kukamata katikati ya ubao hatua inayofuata. Marshall hakumpa nafasi hiyo. Kitunda chake cha d7 kilirukia d5. Vitunda vikalana, farasi wa Marshall akakaa d5, na kile kitunda cha e5 kikabaki bila mlinzi wa kutosha. Farasi wa Capablanca akakila, farasi wa pili wa Marshall akamla farasi huyo, na ngome nyeupe ikamla aliyemla. Hesabu ilipofungwa, mweupe alikuwa na kitunda kimoja zaidi.

Lakini tazama ubao. Upande wa kushoto wa Capablanca, ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1 walikuwa bado nyumbani, hawajasogea hata mara moja. Farasi wake hodari wa f3, aliyekuwa akimlinda mfalme, alikuwa ameondoka ubaoni. Maaskofu wawili wa Marshall, farasi wake na malkia wake, wote walikuwa na njia wazi kuelekea mfalme mweupe. Kitunda kimoja kilikuwa kimenunua muda, na katika shambulio muda ndio mtaji.

Baadaye Capablanca aliueleza mchezo huu katika kitabu chake cha mwaka 1920, My Chess Career. Alisema kwamba pale aliposukumiwa kafara ile alitambua mara moja kuwa mpinzani wake amejiandaa, na kwamba shambulio kali linakuja. Angeweza kukataa na kucheza kwa usalama. Aliona, hata hivyo, kwamba uamuzi na ujuzi wake vilikuwa vimetiwa kwenye mizani, na heshima ilimtaka apokee. Hapo ndipo ninapomwona Capablanca katika ukubwa wake. Mtu anayesifiwa kwa tahadhari alichagua kuingia katika msitu ambao mwenzake alikuwa ameshaukagua njia kwa njia.

Farasi wa Marshall alirudi f6, ngome ya Capablanca ikarudi nyumbani e1, askofu mweusi akasogea d6 akilenga moja kwa moja ua wa mfalme. Mweupe akasukuma kitunda h3 kumzuia farasi asije g4. Marshall alimleta g4 vilevile. Kumla farasi yule kungekuwa hatari, kwani malkia mweusi angeingia h4 na kufungua milango yote ya mfalme. Capablanca alijibu kwa malkia wake f3, hatua iliyofanya kazi mbili kwa pamoja: ililinda ua na kuitishia ngome nyeusi iliyosahaulika kule a8.

Marshall aliiacha ngome hiyo wazi na kumleta malkia h4. Kila mchezaji anapaswa kuutazama mtego huu kwa makini. Kama Capablanca angeshawishika kuila ngome ya bure, malkia mweusi angeingia f2 na kumtishia mfalme, mfalme angekimbilia pembeni h1, na malkia huyo angekula ngome ya e1. Hapo mfalme mweupe asingekuwa na pa kutokea, na mchezo ungekwisha. Ngome ile haikuwa zawadi hata kidogo.

Capablanca hakuigusa. Alisukuma d4, akamfungulia njia askofu wake wa c1. Marshall akaingiza farasi f2, akila kitunda katikati kabisa ya ulinzi. Hapa palikuwa na mtego mwingine. Malkia mweupe akimla farasi huyo, askofu mweusi humtishia mfalme kutoka h2, mfalme hulazimika kwenda f1, kisha askofu hurudi g3, malkia huyumba, na ua wa mfalme husambaratika. Capablanca aliona yote hayo ubaoni, saa ikihesabu, bila kitabu wala rafiki wa kumshauri. Alisogeza ngome yake kutoka e1 hadi e2. Hatua moja tu, bila kula kete yoyote wala kumtishia mfalme, lakini ndiyo iliyoushika mchezo mzima.

Shambulio liliendelea kwa hasira. Marshall alimtoa askofu mmoja kafara g4, akamtumia wa pili kumkimbiza mfalme, malkia wake akazama hadi h1. Mfalme mweupe alitolewa nyumbani, akapita e2, akapita d3, hadi akapata hifadhi c2. Njiani Capablanca alirudisha ngome moja na kubaki na kete mbili ndogo badala yake, na hesabu hiyo ilimtosha. Alipofika c2 dhoruba ilikuwa imepita. Malkia na askofu wa Marshall walikuwa upande mmoja wa ubao, mfalme aliyekuwa akiwindwa yuko upande mwingine.

Kilichofuata kilikuwa Capablanca yule ambaye kila mtu alimjua. Vitunda vyake vya upande wa malkia vilianza kutembea. Kimoja kilifika b6, kikafika b7, kikiwa hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia mpya. Katika hatua ya 36 askofu wake alikila kitunda cha f7 na kumtishia mfalme mweusi. Yaliyobaki yalikuwa wazi kwa wote wawili: malkia mpya angezaliwa b8, na mfalme mweusi angefungwa baada ya hatua chache. Marshall akasalimu amri. Capablanca aliendelea kushinda mashindano yale bila kufungwa, Boris Kostić akawa wa pili, na Marshall wa tatu.

Kuna hadithi inayopendwa sana kuhusu mchezo huu. Husemwa kwamba Marshall aliubuni ufunguzi wake mara baada ya kipigo cha 1909, akauficha miaka tisa yote akimngoja Capablanca. Ni hadithi tamu, lakini kumbukumbu za michezo haziiungi mkono. Kati ya 1910 na 1918 Marshall alipata nafasi kadhaa za kuucheza dhidi ya Capablanca na hakuzitumia. Mwaka 1917 alikwisha kucheza wazo linalofanana na hilo dhidi ya Walter Frere. Na hata kabla yake, mwaka 1893, hatua hiyo ilionekana katika mchezo uliochezwa Havana, wachezaji kadhaa wakishauriana dhidi ya Carl Walbrodt. Yaani wazo lililokusudiwa kumwangusha mwana wa Havana lilikuwa limekwisha kuonekana Havana kwenyewe, yeye akiwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Sioni kwamba ukweli huo unampunguzia Marshall. Silaha iliyofichwa miaka tisa ingemfanya kuwa mtu wa kisasi. Kumbukumbu zinatuonyesha mtu bora zaidi ya huyo: mfanyakazi aliyelijaribu wazo, akaliona lina uhai, kisha akalipeleka mbele ya mpinzani mkali kuliko wote aliowajua, mbele ya macho ya watu, akijua kwamba likianguka litaanguka na jina lake. Wengi huwa na mawazo mazuri. Wachache hukubali kuyapima mahali ambapo kipimo ni cha kweli.

Baada ya kipigo kile, ilikuwa rahisi ulimwengu kuamua kwamba kafara ile haifai. Imejaribiwa, imeshindwa, yatosha. Marshall mwenyewe hakukubali hukumu hiyo. Aliendelea kuichunguza na kuona kwamba kasoro haikuwa katika kusukuma d5. Kasoro ilikuwa hatua tatu mbele, pale farasi alipoondoka d5 kurudi f6 na kukimbilia shambulio kwa pupa. Dawa ikawa hatua ya utulivu: kitunda kidogo kwenda c6. Kitunda hicho humlinda farasi wa d5 na kumwacha akae katikati kama mlingoti. Kisha askofu huja d6, malkia huja h4, na mweupe hulazimika kusukuma kitunda g3 kuwazuia. Hatua hiyo huacha mashimo kandokando ya mfalme, na malkia mweusi huhamia h3, jirani kabisa naye. Mweupe ana kitunda zaidi, lakini atahangaika kwa muda mrefu kabla ya kukifaidi.

Kwa marekebisho hayo ufunguzi ulifufuka. Mwaka 1965 huko Tbilisi, Boris Spassky na Mikhail Tal walikutana katika fainali ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia. Tal alikuwa mshambuliaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, na alipenda kuanza na e4. Spassky alimwekea Shambulio la Marshall mara baada ya mara, na Tal hakupata njia ya kulivunja. Spassky alishinda pambano kwa pointi 7 dhidi ya 4. Mtu aliyezoea kushambulia alijikuta kila mara analazimishwa kujilinda, tena akiwa na kete nyeupe.

Mwaka 2004 huko Brissago, Uswisi, kafara ileile iliingia katika pambano la ubingwa wa dunia kati ya Vladimir Kramnik na Péter Lékó. Kufikia wakati huo kompyuta zilikuwa zimeingia katika maandalizi ya kila bingwa. Katika mchezo wa nane, Kramnik akiwa na kete nyeupe, Lékó alicheza Shambulio la Marshall. Kramnik alifuata njia iliyoandaliwa nyumbani kwa msaada wa mashine, ambayo kitunda chake cha pembeni kilikuwa kinakimbilia kugeuka malkia. Lékó alikaa, akafikiri, akapata kile ambacho maandalizi hayo hayakukiona kwa wakati: malkia wake kwenda d3. Shambulio dhidi ya mfalme mweupe likawa halizuiliki, na Kramnik akasalimu amri. Pambano zima liliisha 7 kwa 7 na Kramnik akabaki na taji, lakini mchezo wa nane unakumbukwa.

Ukiiweka michezo hii miwili pamoja, ule wa 1918 na ule wa 2004, utaona mizani ikigeuka. New York aliyejiandaa alikuwa Marshall, na aliyeshinda ni yule aliyefikiri ubaoni. Brissago aliyejiandaa alikuwa mweupe, na aliyeshinda ni tena yule aliyefikiri ubaoni, safari hii akiwa na kete nyeusi na silaha ya Marshall mkononi. Maandalizi ni mali kubwa, lakini hayajawahi kufikiri kwa niaba ya mtu. Capablanca alishinda kwa akili iliyo hai. Marshall aliacha wazo ambalo akili zilizo hai zimeendelea kulitumia. Sataranji iliwahitaji wote wawili.

Capablanca alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1921 baada ya kumfunga Lasker huko Havana bila kupoteza mchezo hata mmoja. Alifariki New York mwaka 1942. Marshall aliushika ubingwa wa Marekani tangu 1909 hadi 1936, akaanzisha klabu jijini New York inayobeba jina lake hadi leo, na akafariki mwaka 1944. Wote wawili waliacha michezo mingi mizuri, lakini huu wa mwaka 1918 ndio unaowaunganisha.

Na ushindi wa Marshall, ambao siku ile haukuonekana, unaweza kuuona kila wiki katika mashindano makubwa. Wachezaji wa kiwango cha juu kabisa wakishika kete nyeupe katika ufunguzi wa Kihispania, mara nyingi hufika hatua ya nane na kukwepa c3, ile aliyocheza Capablanca. Badala yake husukuma a4, au h3, au d3, njia za pembeni zilizotafutwa kwa bidii kwa kusudi moja tu: kumnyima mweusi nafasi ya kusukuma kitunda hadi d5. Garry Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia, alichagua a4 dhidi ya Nigel Short mwaka 1993. Watu hao wanaujua ushindi wa Capablanca hatua kwa hatua, na bado hawataki kupita mlango ule. Hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo mshindani anaweza kuupa ufunguzi, na Marshall aliistahili.